Wanafunzi wa klabu wanataka kuandika Wikipedia ya Kiswahili, siku ya kwanza tumekwama. Wazoefu tusaidieni

Mwl_wa_Kirumba

Wakuu habari za jumapili, kwa wakubwa shikamooni.

Nipo Mwanza hapa, nafundisha Kiswahili na pia ndo mlezi wa klabu moja ya wanafunzi chuoni, wengi ni mwaka wa kwanza. Kuna mmoja alifuatilia mtandaoni ile Wikimania (mkutano wa dunia wa watu wa Wikipedia) iliyofanyika Nairobi Agosti 2025 akaja amewaka kwamba na sisi tuandike Wikipedia ya Kiswahili, hoja yake ni kwamba ukitafuta kitu cha huku kanda ya ziwa kwa Kiswahili unakuta mistari miwili au hukuti kitu kabisa, ukihamia kwenye Kiingereza unakuta ukurasa mzima kaandika mtu ambaye pengine hajawahi hata kuvuka Kigongo na pantoni. Nikaona ana hoja. Jumamosi tukapewa maabara ya kompyuta, tukaingia.

Sasa yaliyotokea. Wa mwanzo wamefungua akaunti vizuri tu, tulivyofika kama wa sita wa saba hivi ikaanza kukataa, inasema akaunti zilizofunguliwa kutoka anwani hii zimezidi, mjaribu baadae. Nikasema basi wengine watumie simu na bando zao, huko nako kama nusu wanaambiwa anwani yao ya IP (ile namba ya mtandao wanaopitia) imezuiwa kwa uharibifu, yaani mtoto hajawahi kugusa Wikipedia maishani mwake anaambiwa kafungiwa, kuna binti alishaanza kuniuliza kama atapelekwa polisi 😂

Waliofanikiwa kuingia kila mtu akaanza na anachokijua. Mmoja kaandika shule ya sekondari aliyosoma, mwingine msanii wake, mwingine ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma. Ya shule haikufikisha nusu saa imefutwa. Ya msanii ikapigwa bango kwamba inajadiliwa kufutwa. Ya bugobogobo ipo ila kuna mtu kaja kafyeka karibu yote kaacha sentensi moja na nusu. Madogo wamenyong'onyea, mwenye ile ya shule ameshasema haji tena.

Naombeni msaada. Hili la akaunti na kuzuiwa linatatuliwaje? Halafu kubwa zaidi, niwape kazi gani ya kuanzia, waandike makala mpya au kuna kitu kingine? Na je kuna mtu wa kuongea naye huko ndani kabla hatujaingia au kila mtu anajiingilia tu kama sokoni? Jumamosi inayofuata ya hii ijayo tumepewa maabara tena ila ni saa mbili tu.

---

nyuzi_na_waya

Mwalimu pole sana, hilo la akaunti linaua warsha nyingi mno, watu wanakula nusu ya muda wakihangaika na mlango badala ya kuingia ndani.

Iko hivi. Wikipedia inaruhusu akaunti 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya IP, na maabara yenu hata iwe na kompyuta mia zote zinatoka nje kwa anwani hiyohiyo. Haihusiani na tabia za wanafunzi wako, ni kufuli la kuwabana wanaotengeneza akaunti za matangazo kwa mafungu. Mi napendaga njia rahisi, kila mtu afungue akaunti yake hosteli au nyumbani katikati ya wiki, siku ya tukio anakuja ana jina lake na nywila anaikumbuka. Waambie waweke na barua pepe, maana akisahau nywila na hakuweka barua pepe ndo basi tena, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Akaunti ni moja kwa Wikipedia za lugha zote pamoja na Commons (hifadhi yao ya picha), akishafungua sehemu moja imetosha.

Ukitaka wafungulie hapohapo maabara basi omba kufuli lilegezwe kwa siku hiyo, ombi linaandikwa kule Phabricator (tovuti yao ya maombi ya kiufundi), unataja anwani ya IP ya chuo, tarehe, saa na watu wangapi. Ila usifanye ijumaa usiku, wanaoshughulikia ni binadamu wana ratiba zao, anza sasa hivi ndo una muda wa kutosha. Au tafuta mtu mwenye haki ya kufungulia wengine akaunti, wapo, kufuli haliwahusu hao, anaweza hata kuwa mbali mkawasiliana kwa simu.

Sasa la simu kuzuiwa. Swali la kwanza kabisa, wana VPN, ile app inayoficha anwani yako na kukupitisha kwenye anwani nyingine? Siku hizi vijana wengi VPN inawaka saa 24 wameshasahau kama ipo, na Wikipedia haipatani kabisa na VPN wala proksi, inazuia safu nzima nzima za anwani hata kama una akaunti. Zima VPN kwanza ndo tuongee mengine.

Ukizima bado inakataa basi tatizo ni la mtandao wa simu wenyewe. Kampuni za simu hazina anwani za IP za kutosha, zile za mtindo wa zamani, kwahiyo wateja maelfu wanapitishwa kwenye anwani moja. Akitokea mhuni mmoja kwenye hiyo anwani akafanya fujo, mtu anayezuia huko anaona ni anwani moja tu, kumbe kafungia mtaa mzima. Afrika tunaumizwa sana na hili kuliko wenzetu na wahariri wa Afrika wamelalamika miaka na miaka, kuna nafuu kidogo ila halijaisha. Cha kufanya, soma lile tangazo la kuzuiwa mpaka mwisho usiishie kwenye maandishi mekundu. Mara nyingi zuio linawahusu wasio na akaunti tu, mtu akishalogin anaandika kama kawaida. Kama linakamata hadi wenye akaunti, nakili ile namba ya zuio uombe msamaha wa zuio la IP kwa akaunti husika, zuio likiwa la Wikipedia ya Kiswahili unamuomba mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia hiyo), likiwa la dunia nzima ombi linaenda Meta-Wiki, wiki ya kuratibu miradi yote, sio Meta ya Facebook.

---

kijana_wa_Igoma

Mwalimu shikamoo. Mi ni mmoja wa waliozuiwa jumamosi 😂😂 nimezima VPN sasa hivi imefunguka

---

Mama_Tanbihi

Mwalimu, mimi ni mkutubi, nipo Morogoro, na wanafunzi wa namna hiyo nimekaa nao sana. Nikwambie tu bila kuzunguka, usiwape makala mpya siku ya kwanza. Mtu ambaye hajawahi kuweka hata tanbihi moja (rejeo la chanzo) unamtaka ajue muundo wa makala, vyanzo, jamii (makundi ya makala), lugha isiyoegemea upande, yote kwa saa mbili, lazima kitafutwa, na kikifutwa siku ya kwanza umempoteza.

Wapeleke kwenye makala za kata. Wikipedia ya Kiswahili ina makala za kata za Tanzania kwa wingi, fupi fupi, na ukizipitia utakuta nyingine bado zimebeba idadi ya watu ya sensa ya 2012 wakati ya 2022 ilishatoka na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wameweka majedwali hadi ngazi ya kata bure kabisa mtandaoni. Chukua huo mkoa wako tu, mwaka 2012 Mwanza ilikuwa na watu 2,772,509, mwaka 2022 wamefika 3,699,872, hao ni watu zaidi ya laki tisa wameongezeka na kuna kurasa pengine hazina habari nao.

Uzuri wa hii kazi, kila mwanafunzi ana kata yake, aliyozaliwa au anayokaa, kwahiyo hamgombanii ukurasa mmoja. Chanzo ni kimoja na kinajulikana, hakuna mtu wa kubishana na NBS. Na ndani ya badiliko dogo hilo anapita kila kitu anachotakiwa kujua, anabonyeza hariri, anabadilisha namba, anaweka tanbihi yenye jina la taarifa, mwaka, ukurasa na linki, anaandika muhtasari wa alichofanya (mfano "nimeweka idadi ya sensa 2022"), anachapisha. Halafu mpeleke kwenye historia ya ukurasa aone jina lake limekaa pale na saa yake. Wewe subiri uone maabara itakavyochangamka, wataanza kutumiana picha za skrini na wazazi wao.

Ila kuna mitego, uwaambie mapema. Moja wasifute namba ya 2012 kama vile ilikuwa ya uongo, iache na mwaka wake uweke mpya mbele yake, msomaji aone mwendo. Mbili waangalie mipaka, kata zinagawanywa, kata iliyokuwa na watu wengi 2012 ukaikuta imepungua 2022 usikimbilie kuandika wamehama, angalia kwanza kama haikuzaa kata nyingine. Hata mkoa wako ni hivyohivyo, ukichukua takwimu za 2002 ukaweka na za 2012 unaona Mwanza kama imepungua, wala watu hawakukimbia popote, ni Geita ilikatwa ikawa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Haya ndo mambo mwanafunzi anatakiwa ajifunze, namba bila kujua ilihesabiwa ndani ya mpaka gani haina maana.

Wakimaliza hapo wape kutafuta makala ambazo wakati umezipita. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, sasa tembeeni kwenye makala zinazogusa Misungwi, Sengerema, Geita, Ziwa Viktoria, mkikuta mahali panasema daraja linajengwa au watu wanavuka kwa pantoni tu, rekebisheni na tanbihi ya gazeti. Mwananchi, HabariLeo, Nipashe, zote ziliandika.

Makala mpya ni mwezi wa pili huko.

---

Ng'wana_Bujora

Mama Tanbihi nakuheshimu sana ila hapa sikubaliani na wewe hata kidogo.

Kijana kaja na hamu ya kuandika habari za kwao unamkalisha anakili namba kutoka kwenye PDF ya NBS, hiyo si ndo kazi ya karani, jumamosi ya pili mwalimu atajikuta na kompyuta zake peke yake. Huyo aliyeandika bugobogobo ndo mtu wa kumshika, huyo ana kitu. Mi nashauri klabu nzima ishike makala moja hiyohiyo ya bugobogobo iliyofyekwa, waijenge pamoja, wengine watafute vyanzo, wengine waandike, mmoja aende makumbusho ya Wasukuma ya Bujora na simu akapige picha. Makumbusho yapo Kisesa hapo, ni nauli ya daladala tu.

Na yapo mengi ya kuandika watu hawajui, wanadhani bugobogobo ni ngoma ya kukaribisha viongozi uwanja wa ndege. Ile asili yake ni kazi ya shamba, watu wanalima kwa pamoja na ngoma inapigwa, ndo maana majembe yanarushwa hewani. Halafu kuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana toka enzi, ushindani wenyewe una mambo ya dawa na mbwembwe za kila aina, na kila mwezi wa sita kuna Bulabo, sikukuu iliyoanzia kwenye ile ya Wakatoliki ya Ekaristi, padri David Clement wa Kanada ndo aliyeanzisha mambo ya Bujora miaka ya 1950 akachanganya ibada na ngoma za Wasukuma. Hii historia yote unaiacha unaenda kuhesabu watu wa Buhongwa?

Shida ninayoiona mimi ni moja, na hapa naomba wakubwa wa Wikipedia wanijibu. Mengi ya haya yako vichwani mwa wazee, hayako kwenye vitabu. Babu yangu alikuwa mgalu, aliyonisimulia siyaoni popote. Mkisema lazima chanzo kilichochapishwa si mnasema sisi hatuna historia?

---

Mfagiaji_wa_zamu

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila hapa naitwa kwa jina.

Mi ni mmoja wa wanaopitia mabadiliko ya karibuni kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Sio mimi niliyefuta hiyo ya shule ila ningeweza kabisa kuwa mimi. Mwalimu naomba uelewe upande wa huku pia, wanaofanya hii kazi kila siku ni wachache, wote wanajitolea, mtu ametoka kazini saa mbili usiku anafungua anakuta ndani ya saa moja zimeingia kurasa ishirini mpya kutoka kwa majina asiyoyajua, nusu hazina chanzo, tatu zina "shule bora yenye walimu mahiri na mazingira tulivu ya kujisomea" ambayo ukiitafuta unakuta imekopiwa neno kwa neno kwenye tovuti ya shule. Ya kukopi hatuna mjadala nayo, inafutwa, hiyo ni haki miliki ya mtu hata kama ni shule yako na mkuu wa shule ni baba yako mdogo. Huyo anayepitia hajui kama kuna mwalimu nyuma ya hizo kurasa. Anaona mafuriko tu.

Kwahiyo jibu la swali lako, ndio kuna wa kuongea nao. Nenda ukurasa wa Jumuia (ndo kijiwe cha wahariri wote), andika ujumbe mfupi wa kawaida tu, sisi ni klabu fulani, tutakuwepo tarehe fulani, tunafanya jambo fulani, mkiona tatizo niambieni mimi kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Ukifanya hivyo mtu akiona kosa la mwanafunzi wako anakuja kukugongea wewe badala ya kufuta. Unaweza pia kufungua kozi kwenye ile dashibodi ya programu na matukio, wanafunzi wanajiunga kwa linki na akaunti zao, wewe na sisi tunaona nani kahariri nini bila kuwinda jina moja moja. Wapo pia wenzetu wa Jenga Wikipedia ya Kiswahili ambao kazi yao ndo hii ya kulea wapya, watafute, usijifie peke yako.

Na mwambie huyo wa shule arudi. Makala ikifutwa haijaungua moto, mkabidhi anaiona na kama shida ilikuwa ni chanzo tu anaweza kuirudisha kwenye ukurasa wake binafsi wa majaribio aendelee kuinyoosha humo mpaka ikae sawa. Kama ilikuwa imekopiwa hiyo hairudi, aandike upya kwa maneno yake.

Sasa nisemee la zawadi, maana najua linakuja, lazima mtu atashauri "wapeni vocha anayeandika nyingi". Wakongwe wanakumbuka. Mwishoni mwa 2009 mpaka mwanzoni mwa 2010 Google walifanya shindano la Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kulikuwa na zawadi mpaka laptopu. Makala zikaja kwa mamia, nyingine nzuri kweli, nyingine zimetafsiriwa na mashine na kubandikwa zilivyo. Shindano likaisha, zawadi zikatolewa, na vijana wengi hawakuonekana tena, wakaacha kurasa ambazo watu waliendelea kuzisafisha kwa miaka. Siwalaumu vijana, walishindania walichoambiwa washindanie, ukipima idadi utaletewa idadi. Mkitaka kutoa zawadi toeni kwa aliyeweka tanbihi safi kuliko wote, au kwa ambaye mabadiliko yake yote bado yamesimama baada ya mwezi.

Halafu hili la siku hizi, ChatGPT na ndugu zake. Mwanafunzi anaagiza makala, inatoka imenyooka, Kiswahili kama cha hotuba ya mgeni rasmi, na tanbihi sita chini. Unazifuatilia hizo tanbihi, kitabu hakipo, mwandishi hayupo, linki haifunguki. Wikipedia ya Kiingereza mwaka 2025 wameweka kabisa kanuni ya kufuta chapchap maandishi ya hivyo ambayo mtu hajayapitia. Waambie wazi siku ya kwanza, tanbihi unaweka ya kitu ulichokifungua na kukisoma kwa macho yako.

Ng'wana Bujora, swali lako ni zito na watu wanaligombania mpaka kwenye mikutano ya dunia. Kanuni ilivyo leo, Wikipedia inaandika kilichokwisha kuandikwa mahali pengine, "babu kaniambia" haipiti, kwasababu kesho atakuja mjukuu wa mgika na yeye ana babu. Ila usiseme hakuna kitu, kuna tafiti za vyuo vikuu zimechapishwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, makumbusho yana machapisho, magazeti yanaandika Bulabo karibu kila mwaka. Aliyefyeka hiyo makala naamini alifyeka kwa kukosa tanbihi tu. Maandishi ya zamani yapo kwenye historia ya ukurasa, fungua toleo la kabla ya kufyekwa, chukua sentensi moja moja, kila inayopata chanzo irudishe. Na simulizi za wazee zirekodini, mpelekeeni mtafiti au gazeti la huko, zikishachapishwa tutazitumia.

---

Ng'wana_Bujora

Mjukuu wa mgika 😂😂 hapo umenipata. Ila bado nasema sensa ni kazi ya karani.

---

Mama_Tanbihi

Karani ndo anayeweza kukwambia Wasukuma ni wangapi, mdogo wangu 😀 Lakini sikatai, bugobogobo iwe ya kipindi cha pili, watu wakishajua kuweka tanbihi hiyo makala wataijenga kwa jioni moja na hakuna atakayeigusa.

---

chalii_wa_library

Naongea kama mwanafunzi, nipo mwaka wa pili chuo kingine na nimeanza kuediti mwaka jana. Mambo ambayo wakubwa hapo juu hawajayataja kwasababu wao wana laptopu.

Wengi wetu tunatumia simu. Kwenye simu kuhariri maneno ni rahisi tu ila tanbihi ni mateso, kale kadirisha ni kadogo na ukigusa vibaya kanafunga na ulichoandika kinapotea. Fungua kwa brauza halafu chagua muonekano wa kompyuta, utavuta vuta skrini lakini unapata kile kitufe cha rejeo ambacho ukibandika linki ya gazeti kinajijazia chenyewe kichwa cha habari na tarehe. Kikikosea, na kinakosea sana kwa magazeti yetu, rekebisha kwa mkono. Na andika maandishi yako kwanza kwenye notisi za simu, mtandao ukikata katikati una nakala.

Bando, ukurasa wenyewe wa Wikipedia ni mwepesi haumalizi kitu, kinachomaliza ni ile PDF ya sensa kila mtu akiipakua kivyake. Mwalimu aipakue mara moja aitume kwenye grupu au aiweke kwenye kompyuta za maabara.

Majina. Waambie wasitumie jina la klabu wala wasitumie akaunti moja watu watano, kule hairuhusiwi, akaunti ni ya mtu mmoja. Na wasiweke namba za simu, namba ya usajili na picha ya kitambulisho kwenye ukurasa wa mtumiaji, nimeona kwa macho yangu watu wakifanya hivyo wakidhani ni kama kujaza fomu ya mkopo. Jina la kubuni linatosha kabisa.

Picha nazo. Kupakia Commons ni picha uliyopiga mwenyewe, basi. Sio ya Instagram, sio ya google, sio ya blogu hata kama umeandika "kwa hisani ya". Mtu akiipakia yake ajue anairuhusu dunia nzima kuitumia, hata kibiashara, mradi wamtaje. Kuna wenzangu waligundua hilo baadae wakanuna.

Na kitu kimoja kuhusu kufutwa. Mimi kilichonifanya nibaki ni kwamba aliyetengua badiliko langu la kwanza aliniandikia mistari miwili kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, kwanini katengua na nifanyeje. Mistari miwili tu. Mfagiaji nakuomba uwaambie na wenzako, bango jekundu mgeni hajui hata kama linatoka kwa mtu au mashine.

---

Mfagiaji_wa_zamu

Imefika hiyo. Sio kila usiku mtu ana nguvu ya kuandika mistari miwili mara ishirini, lakini imefika. Nao wafundishwe kujibu, ukurasa wa majadiliano wengi hawajui kama upo, tunawaandikia wanaendelea na kosa lilelile tunadhani ni kiburi kumbe hajaona. Mwalimu dakika zako tano za kwanza zitumie kuwaonyesha ile kengele ya taarifa juu ya skrini.

---

Mwl_wa_Kirumba

Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu haya yote kwa siku mbili.

Nimeongea na klabu leo jioni. Akaunti wanafungua wenyewe wiki hii, VPN zimezimwa (kumbe karibu wote wanazo!), wawili bado wanazuiwa na nimeshawaelekeza kuandika lile ombi. Ujumbe wa Jumuia nimeuandika rasimu nautuma kesho asubuhi. Kipindi cha kwanza ni kata, cha pili ni bugobogobo na Ng'wana Bujora kama upo Mwanza karibu maabara uje ubishane na watoto ana kwa ana. Binti wa makala ya shule nimemsomea ile sehemu ya "haijaungua moto", kasema atakuja kuangalia, hajaahidi kuandika.

Swali dogo lililobaki. Kata nyingine zinagombaniwa, Nyamanoro wanaitaka watu wanne maana ndo wanakokaa. Wakifungua ukurasa mmoja kwa pamoja inakuwaje?

---

nyuzi_na_waya

Wa kwanza kuchapisha anapita, wa pili akigusa sehemu ileile anapata ujumbe wa mgongano wa kuhariri na hapo ndo watu wanapotezaga kazi. Wape zamu, mmoja aweke idadi achapishe, ndo mwingine afungue upya ukurasa aongeze labda kata inapakana na zipi, wa tatu picha. Ukurasa uliofunguliwa toka asubuhi usihariri, ufungue upya kwanza. Akipata mgongano asifunge dirisha, anakili alichoandika akiweke pembeni kisha aanze na toleo jipya.

Na ukituma huo ujumbe wa Jumuia weka na linki ya dashibodi humohumo.

---

kijana_wa_Igoma

Mwalimu mi Igoma nimeshaichukua naomba isigawiwe mtu mwingine, nimeingia jana usiku nimeona tayari nitaanzia wapi

---

Mwl_wa_Kirumba

Igoma yako. Ila usianze bila kusoma jedwali, PDF naituma kwenye grupu saa hizi. Nani anachukua Buhongwa?